Konseri ya rok: tumpe kazi fundi wa klipu au dada wa kanisani?

Jambo yenu Yaya,

Mimi niko mupiga gita wa grupu moja ya rok hapa Lubumbashi, tuko batu batano, repetisyo tunafanya kule Kamalondo nyuma ya nyumba ya muzee moja mwenye anavumilia kelele yetu, Mungu amubariki. Nyimbo ni zetu wenyewe, zingine kwa kiswahili zingine kwa kifaransa, na batu banaanza kutujua kidogo kidogo hata kama mu mji hii bengi banapenda rumba na muziki ya kanisa, na hawakosekani benye kusema rok ni mambo ya shetani. Sisi tunaendelea tu.

Sasa mwisho wa mwezi wa saba tuko na konseri kubwa, nje, mu kiwanja ya shule, muziki ya saa moja na nusu hivi. Tumeamua ipigwe video yote, si klipu hapana, konseri nzima tangu wimbo ya kwanza mpaka ya mwisho, juu kila festivali tunaandikia inatuuliza kitu kimoja tu, tuonyesheni video ya live, na sisi hatuna, tuko na vipande vya telefone mwenye sauti inapasuka. Tumechanga dola 1,200 kwa ile kazi. Ni franga mingi kwetu Yaya, hatuwezi kuipata tena mwaka huu.

Shida ni nani aongoze. Wa kwanza ni kaka ya mupiga dramu wetu. Anapiga klipu, jina yake iko juu, iko na droni, picha zake zinang'aa kweli. Anaomba dola 900, na anasema tumuachie kila kitu, hata haina lazima asikie nyimbo mbele, atakuja siku ile na atajua ya kufanya. Wa pili ni dada moja mwenye anaongoza kamera ine za kanisa moja kubwa ku Kampemba, kila Siku ya Mungu, ibada inatoka live. Anaomba dola 800 pamoja na batu yake batatu. Yeye alituuliza listi ya nyimbo, akauliza nani anaimba na nani anajibu, akauliza taa ni za aina gani, na anataka kuja ku repetisyo. Lakini hajapiga rok hata siku moja, na mwimbaji wetu anasema atatufanya tufanane na kwaya. Wa tatu ni mwandishi wa televizyo moja ya hapa, rafiki ya mjomba wangu, dola 250, kamera moja, anasema inatosha.

Mupiga dramu hakusema ataondoka kama tunamuacha kaka yake, lakini tangu siku ile tulianza kuongea juu ya yule dada, ananyamaza. Anakuja, anapiga, anarudi kwao. Tufanye nini Yaya?

Mupiga gita, Kamalondo

*

Mudogo wangu,

Asante kwa barua, na huyo mpiga dramu aliyenyamaza nitamfikia, usidhani nimempita. Ila nakuambia mapema ninavyoona ili usisome kwa wasiwasi: mpeni kazi yule dada. Kaka wa mpiga dramu anajua kazi yake, hilo sibishi, lakini kazi anayoijua ni ingine kabisa na hiyo mnayotaka.

Klipu unapiga hata mara kumi. Mwimbaji anafungua mdomo juu ya wimbo uliorekodiwa zamani, akikosea mnarudia, jua likienda mnarudi kesho, halafu ule uzuri wote unatengenezwa kwenye montaji, pale vipande vinapokatwa na kuunganishwa. Konseri hairudi. Waya wa gita unakatika katikati ya wimbo, mwimbaji anageuka anaanza kuongea na watu ili akupe nafasi, watu wanaanza kuimba wenyewe, ile dakika ndo kesho mtaitafuta kwenye video, na kama kiongozi wa kamera hajazoea vitu visivyorudiwa atakuwa anabadilisha lenzi au anarusha droni juu ya shule. Huyu dada kila wiki anaongoza kamera nne kwenye ibada ambayo hajui mchungaji atasimama lini, kwaya itarudia kiitikio mara ngapi, nani ataanguka kwenye maombi, na picha inatoka saa ileile, hakuna kusema tutarekebisha. Hiyo ndo shule ya kazi mnayoitafuta, hata kama muziki ni mwingine.

Halafu umeandika mwenyewe bila kuona uzito wake: mmoja hana haja ya kusikia nyimbo, mwingine ameuliza nani anaimba na nani anajibu. Mimi hapo tu ningekuwa nimeshaamua.

Nikupe mfano wa watu wakubwa. Konseri ya mwisho ya The Band, grupu ya rok, kule San Francisco, tarehe 25 Novemba 1976, aliyeiongoza kwa kamera ni mtengeneza filamu Martin Scorsese, na hakuja akasema nitajua ya kufanya siku hiyo. Alikuja na maandishi ya kila wimbo, maneno ya wimbo na pembeni yake kamera ipi ielekee wapi na taa ibadilike lini. Na pamoja na maandalizi yote hayo bado mambo karibu yamponyoke, Muddy Waters, mwimbaji wa blues, alipoanza wimbo wake kamera karibu zote zilikuwa zimesimama zinabadilishiwa filamu, moja tu ya mpiga kamera László Kovács ndo ilikuwa inaendelea, na kama si hiyo moja wimbo ule tusingeuona leo. Kwa hiyo muulizeni kila mmoja wa hao watu wenu swali hili: batri na memori kadi mnabadilisha wakati gani, na kamera gani inabaki macho? Mtu wa live atakujibu hata hajamaliza kumeza mate, atasema tunabadilisha kwa zamu, mwimbaji akiwa anaongea kati ya nyimbo, na kamera ya nyuma inayoona jukwaa zima haizimwi kamwe. Mtu ambaye hajawahi kufikiria atakuambia usijali. Na mjue pia kamera nyingi za picha, hasa za miaka ya nyuma kidogo, zinajizima zenyewe zikikaribia dakika ya 30, kwa saa moja na nusu ya muziki hiyo ni hatari ya kweli, lazima ajue zake zinafanya nini.

Sasa hofu ya mwimbaji wenu, kwamba mtafanana na kwaya. Naielewa, maana rok kwa macho ya wengi ni kamera inayotikisika, picha inayokatika kila sekunde, rangi nyeusi nyeusi. Lakini Jonathan Demme alipopiga konseri za grupu ya Talking Heads huko Los Angeles, Desemba 1983, alikuwa mtu wa filamu za hadithi, na alichofanya ni kinyume cha hayo yote: aliacha kamera ikae kwenye uso wa mtu mpaka uone jasho, aliacha uone mikono ikifanya kazi, na watu waliokuja kutazama karibu hakuwaonyesha mpaka mwishoni. Filamu ikatoka 1984 na mpaka leo watu wa kazi hii wanaisoma. Nguvu ya rok iko kwenye miili yenu nyinyi batano na jinsi mnavyotazamana mkipiga, mtu atulie aipate. Yule wa klipu za kung'aa atawapa picha nzuri ya kila mmoja wenu peke yake, na grupu haitaonekana.

Na hapa naomba niseme kitu kwa moyo wangu wote kwa sababu wewe ni mpiga gita na uko Katanga. Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wa kwetu, alirekodiwa Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, na mpaka sasa watu wanakaa na gita wakisikiliza vile vidole, wanajaribu kujua kidole gani kilipita wapi. Vidole vyako navyo vionekane. Mwambie yeyote mtakayemchagua kwamba kwenye solo hutaki uso wako, unataka mikono yako miwili, na ikae muda mrefu.

Msimchague kwa maneno yangu tu lakini. Waiteni wote watatu kwenye repetisyo, kwa siku tofauti, kila mmoja na kamera moja tu, apige wimbo mmoja mzima bila kusimamisha, na awaachie video mbichi usiku uleule, isipitie montaji. Mkae batano muitazame kwanza bila sauti. Utaona vitu vya ajabu. Anayesikiliza, kamera yake inafika kwenye gita kabla solo halijaanza, anafika kwa mpiga dramu wakati mkono unapanda. Anayefukuza muziki anafika kila mahali kwa kuchelewa, na hiyo hakuna montaji ya kuiponya. Kaka naye aitwe, apewe wimbo uleule, na kama video yake inamshinda dada waziwazi basi nimekosea mimi na mpeni yeye, sina neno. Mpiga dramu awepo wakati wa kutazama, hiyo ni muhimu kuliko mnavyofikiri.

Wa kamera moja ya dola 250 sitakaa naye sana. Kamera moja kwa konseri nzima haitoshi, ukikata kipande chochote hakuna cha kuziba, lakini kama ana mkono mtulivu anaweza kuwa mtu wa kamera ya nyuma chini ya uongozi wa dada, kwa bei ndogo zaidi.

Dada mumuulize kitu kimoja cha kiufundi: anaweza kurekodi kila kamera peke yake, sio ile tu anayoichagua kwenye swicha, ile mashine ya kuchagua kamera? Kanisani picha inatoka imeshachaguliwa na inaisha hapo. Kwenu achague live kama alivyozoea, inamweka macho, ila kila kamera ibaki na kadi yake, ili baadaye kwenye montaji mkigundua alikuwa kwa mwimbaji wakati besi inafanya maajabu mnaweza kurudi kuichukua. Kwa hesabu ya haraka, kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kila saa, kwa hiyo kamera nne kwa saa moja na nusu ni kama gigabaiti 270. Nunueni diski mbili za nje, sio moja, na zile kadi zisifutwe mpaka video zote zimenakiliwa kwenye diski zote mbili na mmezifungua kuona zinacheza. Diski moja ikae kwako, nyingine kwa mwimbaji, nyumba mbili tofauti.

Sauti jamani. Hapa ndo wengi wanapoteza franga zao, wanalipa kamera nne halafu sauti inatoka kwenye mdomo wa kamera. Mtu anavumilia picha yenye giza, sauti inayopasuka anafunga hapohapo, na watu wa festivali wanafunga haraka kuliko wote. Mkimlipa dada 800 mnabaki na 400, na hizo nyingi ziende kwa fundi wa sauti anayeweza kutoa kila maikrofoni na kila chombo peke yake kutoka kwenye miksa na kukirekodi peke yake, kwa ubora wa biti 24, kilohezi 48, ili baadaye mpange upya kwa utulivu. Ile sauti moja inayotoka kwa spika za kiwanja haifai peke yake, maana ilipangwa kwa ajili ya kiwanja, gita kama ampli yake ina kelele jukwaani kwenye miksa limewekwa chini, ukisikiliza nyumbani halipo. Ongezeni maikrofoni mbili zinazotazama watu, bila hizo mtasikika kama mnapiga kwenye chumba kitupu hata kama kiwanja kimejaa. Kila kamera nayo irekodi sauti yake hata mbaya, itasaidia kuzipanga zote pamoja, na kabla ya wimbo wa kwanza mtu mmoja asimame mbele ya kamera zote apige kofi moja kubwa.

Umeme ukikatika, kompyuta ya kurekodi iwe na batri yake nzima, jenereta iwe tayari na iwe mbali, nyuma ya jengo, ngurumo yake isiingie kwenye maikrofoni.

Taa. Mwisho wa mwezi wa saba kwetu jua linazama karibu saa 18, na mkianza saa 17 kama konseri nyingi za shule zinavyoanza, nyimbo za kwanza zitakuwa mchana mweupe, za katikati rangi ya bluu, za mwisho usiku, na kamera zitahangaika njia nzima. Anzeni saa 19. Grupu za kufungua zipige mchana, nyinyi mpande giza likiwa giza. Na zile taa za LED za bei rahisi mzijaribu na kamera zenyewe kabla, maana kwa macho zinaonekana sawa lakini kwenye video zinapepesa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo waanze na picha 25 kwa sekunde na shata, yaani muda kamera inaofungua jicho kwa kila picha, ya 1/50, waangalie kila rangi na kila kiwango cha mwanga. Dada ameshawauliza taa ni za aina gani. Unaona sasa kwa nini.

Demme alipiga usiku kadhaa, nyinyi mna mmoja. Lakini kama mnaweza kuwasha jukwaa jioni ya siku moja kabla, vaeni nguo zilezile, pigeni nyimbo tatu nne kwa taa zilezile, na kamera ziingie jukwaani karibu kabisa, kwenye miguu ya mpiga dramu, kwenye pedali zako, kwenye koo la mwimbaji, sehemu ambazo siku yenyewe kamera ikiingia itawaziba watu waliolipa tiketi. Vipande hivyo vitaokoa montaji.

Kontra sasa, yaani mkataba, na hapa naomba msione aibu hata kama ni dada wa watu au kaka wa rafiki. Septemba 1974 Kinshasa ilifanyika konseri ya siku tatu, Zaïre 74, James Brown, B.B. King, Celia Cruz, Miriam Makeba, na wakubwa wetu Franco na Tabu Ley, ilikuwa iende pamoja na pambano la Ali na Foreman, na kamera zilikuwepo za kutosha. Halafu mambo ya pesa na ya nani mwenye mali yakazifungia zile picha. Filamu ya pambano ikatoka 1996, na ile ya muziki, aliyoikamilisha Jeffrey Levy-Hinte, ikaja 2008. Miaka 34, Franco alishafariki tangu 1989. Hawakukosa kamera, hawakukosa waongozaji, wala muziki. Basi nyinyi andikeni hata karatasi moja: video mbichi zote ni mali ya grupu na zinakabidhiwa ndani ya siku chache, mwongozaji anaruhusiwa kuonyesha vipande kwa kujitangaza, montaji ya kwanza inatoka tarehe fulani, marekebisho ni mara mbili, jina lake linaandikwa mwanzoni. Malipo kwa mafungu matatu, avansi ya kuanzia kazi, siku ya konseri, na la mwisho filamu ikiwa mkononi. Mtu anayekataa video mbichi zibaki kwenu, achaneni naye hata awe hodari namna gani.

Kuhusu kanisa na rok, usimfichie dada kitu. Mpelekeeni maneno ya nyimbo zote ayasome nyumbani, aseme mwenyewe kama yuko sawa, na mumuulize kama anataka jina lake lionekane au hapana, maana yeye ndo atarudi Kampemba kukutana na watu wake, si nyinyi. Akisita, msimlazimishe. Mkubali na ratiba yake, konseri ikiwa Jumamosi usiku na yeye ana ibada asubuhi, kamera zinatakiwa zirudi zikiwa na batri zimejaa.

Na mpiga dramu. Kunyamaza kwake si ujeuri, huyo anabeba familia. Nyumbani kwao labda wameshamuuliza kwa nini rafiki zake wanamdharau kaka yake, na hana jibu kwa sababu nyinyi hamjampa. Kwa hiyo mpeni jibu analoweza kulipeleka: kaka anaitwa kwenye jaribio kama wengine, kwa heshima yote, na hata kama konseri itaenda kwa dada, klipu ya wimbo wenu mpya ni ya kaka, na hiyo iwe kweli, na bei yake iandikwe kabisa. Msimweke awe mwongozaji wa pili siku ya konseri kwa ajili ya kupoza mambo, kamera zikisikia sauti mbili kwenye masikio hakuna anayejua aelekee wapi. Kama mwenyewe anapenda kushika kamera ya dramu, avae kisikilizio na afuate maneno ya dada kama wengine, karibu sana, maana nani atamwona mpiga dramu vizuri kuliko kaka yake.

Kaka aambiwe hayo uso kwa uso, muende batano mpaka kwake, mupiga dramu akiwa kati yenu, na iwe kabla avansi ya dada haijalipwa. Msimtumie ujumbe wa WhatsApp.

Yaya